Ng'ombe, kondoo na punje za mahindi: nani anakimeng'enya vizuri zaidi chakula cha ziada?

Swali limetoka kwa mama mfugaji wa Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Ana ng'ombe wanne wa maziwa, chotara wa Friesian, na kondoo kumi na mmoja wa kienyeji. Anaeleza kwamba msimu uliopita alivuna mahindi mengi, bei ikaporomoka, akaamua kuwapa mifugo sehemu ya mavuno hayo yakiwa punje nzima, pamoja na pumba na mashudu ya alizeti. Anaendelea: «Daktari, ng'ombe wangu wanatoa mahindi mazima kwenye mavi, na kuku wanakimbilia kuyadonoa. Kwenye mavi ya kondoo sioni hata punje moja. Jirani anasema tumbo la kondoo lina nguvu kuliko la ng'ombe, kwa hiyo chakula chote cha ziada niwape kondoo, na ng'ombe wabaki na majani. Je, ni kweli? Nikiyasaga mahindi nitapata faida? Na gunia la chakula cha kiwandani cha ng'ombe wa maziwa lililobaki, naweza kuwapa kondoo?»

Kwanza niseme kwamba mimi si daktari wa mifugo bali ni mtu wa lishe, ingawa huku kwetu kila anayekanyaga zizini na kalamu mfukoni huitwa daktari. Jirani yako ameona kitu cha kweli lakini amekieleza kwa sababu isiyo yake. Tofauti unayoiona kati ya mavi ya ng'ombe na ya kondoo haitokani hasa na nguvu za tumbo. Inatokana na meno, na upana wa njia ambayo chakula hupitia kutoka tumbo la kwanza. Kwa hiyo usiwanyang'anye ng'ombe chakula chao. Badilisha namna unavyokiandaa.

Tunaposema kwamba mnyama amemeng'enya asilimia 70 ya chakula, maana yake ni nyepesi kuliko neno lenyewe. Amekula kilo moja ya chakula kikavu, na mavi yaliyotokana nacho, yakikaushwa, yana uzito wa gramu 300. Hizo gramu 700 ambazo hazikuonekana ndizo tunazohesabu kuwa zimemeng'enywa. Hesabu hii ina dosari ndogo, kwa kuwa ndani ya mavi kuna pia mabaki ya bakteria na ya utumbo wa mnyama mwenyewe, lakini inatosha kulinganisha wanyama wawili. Na ukiwalinganisha ng'ombe na kondoo waliopewa chakula kilekile kilichosagwa, kwa kipimo kinacholingana na mahitaji ya kila mmoja, unakuta wanakaribiana sana. Tumbo la kwanza, ambalo wataalamu huliita rumeni, lina jamii zilezile za bakteria kwa wote wawili, na bakteria hao ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwenye nafaka na vyakula vingine laini, kondoo humtangulia ng'ombe kwa asilimia chache. Kwenye nyasi kavu na mabua, ng'ombe ndiye anayetangulia.

Kwa nini ng'ombe amzidi kondoo kwenye mabua? Chukua ng'ombe wa kilo 450 na kondoo wa kilo 45. Ng'ombe ni mzito mara kumi, na ukubwa wa matumbo yake nao unakaribia mara kumi. Lakini mahitaji yake ya nguvu kwa siku hayafiki mara kumi, kwa sababu kadiri mwili unavyokuwa mkubwa ndivyo kila kilo yake inavyohitaji nguvu kidogo. Kwa wanyama hawa wawili mahitaji ya ng'ombe ni kama mara tano na nusu hadi sita ya kondoo. Ghala ni kubwa mara kumi, na watumiaji ni mara sita tu, basi chakula kinapata nafasi ya kukaa ndani muda mrefu zaidi, na bakteria wanapata saa nyingi za kuzivunja nyuzinyuzi ngumu. Kondoo hana anasa hiyo. Yeye hujitetea kwa mdomo wake mwembamba, akichagua majani na kuacha bua, ndiyo maana ukiwapa wote wawili fungu moja la nyasi kavu bila kuzikatakata, masalio ya horini kwa kondoo huwa vijiti vitupu.

Sasa turudi kwenye punje, kwa sababu swali lako lipo hapo. Punje ya mahindi imefunikwa kwa ganda ambalo bakteria hawalipenyi kwa urahisi. Ukiitia punje nzima, isiyo na ufa, katika rumeni, inaweza kukaa humo siku kadhaa na kutoka karibu kama ilivyoingia, imelowa tu. Lakini ganda likipasuka, hata kwa ufa mmoja, bakteria huingia na wanga huanza kuliwa. Kazi ya kulipasua ganda ni ya meno, na hapo ndipo kondoo anapojipatia sifa. Mdomo wake ni mdogo, punje moja kwake ni tonge la kutosha kutafuna, na anapocheua huyasaga tena mabaki kwa utulivu. Ng'ombe aliyekomaa hukomba punje nyingi kwa ulimi mmoja, akazimeza baada ya kutafuna haraka. Punje iliyoponea mdomoni ni nzito kuliko maji, kwa hiyo haielei juu pamoja na nyasi ambazo zitarudishwa kucheuliwa; huzama kwenye tumbo la pili, lile la wavu, karibu kabisa na mlango wa kutokea. Mlango huo kwa ng'ombe ni mpana kiasi cha kuiruhusu punje nzima kupita. Kwa kondoo ni mwembamba, na chembe nyingi zinazopita huwa za milimita moja au mbili tu, hivyo punje iliyokwama haina budi kurudi mdomoni kutafunwa. Ikishapita, tumbo la nne na utumbo mdogo haviwezi kuifanya lolote ikiwa ganda ni zima. Inafika kwa kuku wako ikiwa salama.

Kuku hao si wa kwanza. Katika majimbo ya Marekani yanayolima mahindi kwa wingi, wafugaji wa zamani waliozoea kunenepesha maksai kwa punje nzima walikuwa wakiwafungulia nguruwe wawafuate nyuma, wakanenepa kwa kile kilichodondoka. Ulikuwa ukulima wa busara, lakini unaonyesha ni kiasi gani kilikuwa kinapotea.

Kiasi kinachopotea kwako unaweza kukipima mwenyewe, na ningependa ufanye hivyo kabla ya kulipa shilingi yoyote kwenye mashine. Pima gramu 100 za mahindi yako, uhesabu punje; kwa mahindi mengi tunayolima zitakuwa kama 300, yaani 3,000 kwa kilo. Mpe ng'ombe mmoja kilo 2 za punje nzima kila siku, na usubiri siku tatu au nne kabla ya kuhesabu, maana kilicholiwa leo hutoka kidogo kidogo kwa siku mbili tatu zijazo. Kisha chukua marundo matatu ya mavi yake ya nyakati tofauti za siku, kila rundo uliweke kwenye chekecheke na kulisuuza kwa maji mpaka libaki jambo la kuhesabika. Usihesabu kila kitu cha njano unachokiona. Finya punje kwa vidole: ikitoa unga mweupe, hiyo imepotea, ikiwa ni ganda tupu, ng'ombe amekwisha kula kilichokuwemo, na lisikusumbue. Ng'ombe hunya mara 10 hadi 15 kwa siku, tuseme 12. Ukipata wastani wa punje 50 zenye unga kwa kila rundo, hizo ni 600 kwa siku kati ya 6,000 alizokula, yaani sehemu moja ya kumi. Kwa ng'ombe wazima wanaokula mahindi makavu yasiyopasuliwa, kupoteza kati ya asilimia 10 na 25 si ajabu.

Ukishakuwa na namba yako, hesabu ya mashine inakuwa rahisi. Kama kwenye kila gunia la kilo 100 zinapotea kilo 15, basi gharama ya kuliparaza gunia, yaani kuzivunja punje zake vipande, pamoja na boda boda ya kulipeleka na kulirudisha, isizidi bei ya kilo hizo 15. Mwaka ambao mahindi ni ya bei ya kutupa, kama huo wako uliopita, inawezekana kabisa ukakuta kwamba kuparaza kunakula faida yote, hasa kama mashine iko mbali. Mwaka ambao mahindi yamepanda bei, kutoyaparaza ni kumwaga fedha. Wengi wanaoshauri wafugaji hulisahau jambo hili na kusema «saga» kila mara.

Na nimesema kuparaza, sikusema kusaga. Ng'ombe anahitaji chenga, kila punje ikiwa imevunjika vipande vitatu au vinne, si unga wa posho. Mwombe mwenye mashine atumie wavu wenye matundu makubwa, milimita 6 au zaidi, na kama hana, kinu cha kutwangia kinatosha kwa ng'ombe wanne. Unga laini humeng'enywa haraka mno: bakteria wa wanga huulamba kwa pamoja, asidi hujaa katika rumeni, na kipimo cha pH kikishuka chini ya 6 wale bakteria wanaovunja nyuzinyuzi hulegea au kuacha kazi. Hapo utaona jambo linalowachanganya wafugaji wengi, kwamba umeongeza chakula kizuri lakini mavi yamekuwa mepesi, yenye povu na harufu kali, mafuta ya maziwa yamepungua, na ng'ombe hana hamu ya majani. Chakula cha ziada kimemeng'enywa vizuri, lakini kimeharibu umeng'enyaji wa majani. Kinga ya ng'ombe dhidi ya asidi hiyo ni mate yake, ambayo kwa siku huzidi lita 100 anapokula nyasi ndefu na kucheua, na hupungua sana anapokula vitu laini. Kwa hiyo majani yatangulie, chenga zifuate, zisizidi kilo 2 au 3 kwa mlo mmoja, na uziongeze polepole kwa wiki mbili hadi tatu.

Kondoo wako, kwa upande mwingine, wape punje nzima. Hapa utaokoa fedha ya mashine na pia utawasaidia kiafya, kwa sababu kule kutafuna kwenyewe kunaleta mate, na mahindi hufunguka taratibu. Huko Uskoti, katika taasisi ya utafiti ya Rowett mjini Aberdeen, mtafiti E. R. Ørskov na wenzake walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba wanakondoo waliopewa shayiri nzima walistawi bila kuhitaji kusagiwa, huku ngozi ya ndani ya rumeni ikibaki na afya na mafuta ya nyama yakiwa magumu zaidi kuliko ya wale waliolishwa shayiri iliyosagwa na kushindiliwa. Ndama nao, mpaka umri wa miezi sita hivi, hutafuna karibu kama kondoo, na unaweza kuwapa punje nzima bila hofu. Wakishakua wanajifunza pupa ya wakubwa.

Onyo dogo kwa wasomaji wa Teso, Lango na Karamoja ambao wana mtama badala ya mahindi: hesabu zilizo hapo juu haziwafai. Punje ya mtama ni ndogo, inaponyoka kwenye magego, na wanga wake umefungwa ndani ya protini ngumu. Ng'ombe hupoteza mtama mzima kuliko mahindi mazima, na ule mwekundu wenye uchungu una tanini, kemikali inayozidi kuuzuia usimeng'enywe. Mtama wa ng'ombe upasuliwe kila mara.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye mavi. Majedwali mengi yanayoonyesha kiwango cha umeng'enyaji wa pumba, mashudu na nafaka yalitengenezwa kwa kutumia kondoo, hasa madume waliohasiwa, kwa kuwa kondoo ni mpole, anakula kidogo, na ni rahisi kumfunga mfuko wa kukusanyia mavi. Tena kondoo hao walipewa chakula cha kuwatosha kuishi tu, bila kunenepa. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi anakula mara tatu ya kile kinachomtosha kuishi, na kadiri anavyokula zaidi ndivyo chakula kinavyosukumwa nje kabla hakijamalizwa. Kanuni iliyotumiwa kwa muda mrefu kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani ilikuwa kupunguza asilimia 4 kwa kila ngazi ya ulaji juu ya ile ya kuishi tu. Kwa hiyo chakula kilichoandikwa asilimia 75 kwa kondoo kinaweza kuwa 69 hivi kwa ng'ombe wako aliye kwenye kilele cha maziwa, ambaye yuko ngazi mbili juu, bila kosa lolote la ng'ombe. Hili halimaanishi kwamba anakipoteza: anameng'enya sehemu ndogo ya chungu kikubwa zaidi, na jumla anayopata ni kubwa.

Hii ndiyo sababu ushauri wa jirani, hata kama ungekuwa sahihi kwenye umeng'enyaji, usingekuwa sahihi kwenye mfuko wako. Asilimia chache za ziada za kondoo hazifidii lita za maziwa utakazopoteza ukimnyima ng'ombe aliyezaa karibuni. Kondoo wa kienyeji asiye na mimba, mwenye malisho ya mvua, hahitaji mahindi hata kidogo. Wape kondoo waliobakiza wiki sita kuzaa, wanaonyonyesha mapacha, na madume unaotaka kuwauza sikukuu, na hata hao anza na gramu 100 kwa siku kwa kila mmoja, upande polepole mpaka 300 au 400. Ukiwapandishia ghafla, mbali na asidi, unamwamsha bakteria wa utumbo aitwaye Clostridium perfringens, ambaye sumu yake huua kondoo mnono kuliko wote usiku mmoja. Chanjo yake ipo. Muulize daktari, yaani daktari wa kweli.

Wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Machi, swali hugeuka kabisa. Nyasi za Kigumba wakati huo zina protini chini ya asilimia 7, na bakteria wa rumeni wenyewe wana njaa. Kumwongezea ng'ombe mahindi wakati huo ni kumpa mpishi kuni bila unga. Anachohitaji kwanza ni mashudu ya alizeti au ya pamba, au majani ya jamii ya kunde kama kaliandra na lablabu. Kwa kilo moja tu ya mashudu kwa siku, mara nyingi utaona ng'ombe akila nyasi kavu nyingi zaidi na kuzimeng'enya vizuri zaidi kuliko ambavyo kilo mbili za mahindi zingemfanyia. Katika kazi hii ng'ombe, mwenye ghala lake kubwa, hukulipa kuliko kondoo.

Kuhusu pumba, sitasema mengi. Pumba halisi za mashine ya kukoboa, zenye kiini na unga kidogo, humeng'enywa vizuri na wote wawili na hazihitaji kazi yoyote. Zile zilizochanganywa na magunzi yaliyosagwa, makapi ya mpunga au mchanga hazina mnyama wa kuzimeng'enya vizuri. Tia konzi moja kwenye glasi ya maji, ukoroge, usubiri: mchanga utazama, makapi yataelea. Na mahindi au pumba zenye ukungu usiwape ng'ombe wa maziwa kwa kisingizio kwamba ng'ombe hula chochote, kwa sababu sehemu ya sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo wanayanywa watoto.

Limebaki lile gunia la kiwandani. Usiwape kondoo. Chakula cha ng'ombe wa maziwa huongezewa madini ya shaba kwa sababu ng'ombe anayahitaji, takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya chakula kikavu, na mtengenezaji huzidisha kwa usalama. Kondoo huyalimbikiza madini hayo kwenye ini bila kuyatoa. Zimewahi kutosha miligramu 15 kwa kilo, kwa muda mrefu, kuwadhuru kondoo pale ambapo molibdeni, madini yanayoizuia shaba isifyonzwe mwilini, ni kidogo kwenye malisho. Kwa wiki au miezi utamwona mzima, kisha siku moja anabadilika macho kuwa ya njano, mkojo unakuwa wa rangi ya chai nzito, na anakufa kabla ya kupata tiba. Jiwe la madini la kulambia la ng'ombe nalo ni vilevile. Kondoo wawe na lao, lililoandikwa kwamba ni la kondoo. Na kwa yale madume unayoyanenepesha kwa mahindi na pumba, ongeza gramu 10 za chokaa ya mifugo kwa kila kilo ya mchanganyiko, pamoja na chumvi na maji safi wakati wote, kwa sababu nafaka ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na tofauti hiyo hutengeneza vijiwe kwenye njia ya mkojo. Ukimwona dume amejikunja, anajikamua bila kutoa mkojo na mkia unatikisika, mwondolee nafaka saa hiyohiyo na umwite daktari siku hiyohiyo.